Chati ya Dakika Ngapi? Mwongozo wa Kuchagua Kabla ya Kulipia Data ya Soko la Chicago

Anayetaka kufanya biashara ya mikataba ya baadaye (futures), yaani makubaliano ya kununua au kuuza kitu siku za mbele kwa bei iliyopangwa sasa, ndani ya siku moja hununua mambo mawili kabla hajafungua hata muamala mmoja: programu ya chati na haki ya kupokea bei za soko papo kwa papo. Wengi huchagua programu kwanza, kisha wakatumia chati yoyote wanayoikuta imefunguka. Ninashauri kinyume chake, kwa sababu chati ya dakika tano, ambayo kila mshumaa wake (alama ya mwendo wa bei) hubeba dakika tano, hutosheka na data ya kawaida, ilhali chati ya tiki, inayohesabu miamala badala ya dakika, huhitaji data ya kila muamala pamoja na kompyuta na intaneti visivyokwama. Ukijua chati unayoitaka, utajua pia kile usichopaswa kukilipia.

Mfano nitakaoutumia ni mkataba wa E-mini S&P 500, unaofuata kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani na uliopo katika CME, soko la mikataba ya baadaye la Chicago, tangu mwaka 1997, pamoja na Micro E-mini, mdogo wake aliyezaliwa mwaka 2019. Pointi moja ya E-mini ina thamani ya dola 50, na ya Micro dola 5. Bei husogea kwa robo pointi, yaani dola 12.50 kwa mkataba mkubwa na dola 1.25 kwa mdogo.

Kigezo nilichokitumia kupanga chati za dakika na za tiki kwa ubora ni kimoja: hasara ambayo mfuko wako unaweza kuibeba katika muamala mmoja. Amri ya kukata hasara huwekwa nyuma ya mshumaa, na mshumaa wa muda mrefu huwa mrefu kwa kimo pia, ingawa kimo hakikui kwa uwiano ule ule. Kwa makadirio, kimo hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: muda ukizidishwa mara nne, kimo huongezeka takriban mara mbili. Tuseme mshumaa wa dakika tano una wastani wa pointi nne. Wa dakika ishirini utakaribia nane, na wa dakika kumi na tano utakaribia saba. Mwenye akaunti ya dola 2,000 asiyetaka kupoteza zaidi ya asilimia moja kwa muamala ana dola 20 tu mkononi, ambazo ni pointi nne za mkataba mmoja wa Micro. Chati ya dakika kumi na tano imekwisha kumtupa nje kabla hajaanza, na mkataba mkubwa haumfai kwa chati yoyote kati ya hizi.

Ndiyo maana naiweka chati ya dakika tano katika nafasi ya kwanza. Kikao kikuu cha hisa za Marekani, kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni kwa saa za New York, kina dakika 390, ambazo ni mishumaa 78. Idadi hiyo inatosha kuonyesha umbo la siku, na kati ya mshumaa mmoja na unaofuata kuna nafasi ya kufikiri, kuhesabu ukubwa wa hasara na kuamua kuacha. Nafasi hiyo ya kuacha ndiyo sifa ninayoithamini kuliko zote.

Nafasi ya pili ni ya dakika kumi na tano, yenye mishumaa 26. Humfaa mwenye mtaji mkubwa zaidi, au mwajiriwa asiyeweza kukodolea kioo macho muda wote. Katika mafuta ghafi, ambako senti moja ya bei ni dola 10 kwa mkataba wa mapipa 1,000, naipendelea hata kuliko ya dakika tano, kwa kuwa misukosuko ya bidhaa hiyo ni mikali na amri iliyowekwa karibu mno hukatwa bila sababu ya maana.

Ya dakika thelathini ninaipa nafasi ya tatu, na ninaitumia kusoma mazingira, si kuingilia sokoni. Ni kipimo alichokitumia J. Peter Steidlmayer, mfanyabiashara wa soko la Chicago, alipobuni njia ya kupanga bei kwa herufi, kila nusu saa ikipewa herufi yake. Kikao kikuu hugawanyika sawasawa katika vipande 13. Chati ya saa moja haina uzuri huo: programu nyingine huanza mshumaa saa kamili, nyingine huanza pale kikao kinapofunguliwa, kwa hiyo watu wawili huweza kuona maumbo tofauti ya soko lile lile. Isitoshe, taarifa ya akiba ya mafuta ya Marekani hutoka kwa kawaida Jumatano saa 4:30 asubuhi ya New York, na mshumaa unaoanza saa 4:00 kamili huchanganya utulivu wa kabla na vurugu za baada.

Chati za tiki, ambazo hufunga mshumaa baada ya idadi fulani ya miamala badala ya dakika, ni nzuri kwa aliyekwisha kuimarika. Wakati wa usiku soko likipoa hazijazi kioo mishumaa mitupu. Hata hivyo gharama ya data huwa kubwa zaidi, na mtoa data mmoja hahesabu daima kama mwingine.

Ya dakika moja ni ya mwisho. Tuseme kamisheni na ada kwa Micro moja ni dola 1.50 kwenda na kurudi: anayelenga pointi mbili hutoa asilimia 15 ya faida yake, ilhali anayelenga pointi kumi na mbili hutoa asilimia 2.5. Utafiti uliofanywa Brazili juu ya watu walioanza biashara hii katika mikataba ya baadaye ya hisa kati ya 2013 na 2015 ulionyesha kuwa, miongoni mwa walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha. Sitampeleka mgeni kwenye chati inayomtoza kamisheni mara nyingi kuliko zote.

Kabla ya kulipia, omba kipindi cha majaribio na uweke saa ya chati kuwa ya New York. Kwetu Afrika Mashariki kikao hufunguliwa saa 10:30 jioni kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha saa 11:30 jioni katika miezi iliyobaki, nasi hatubadilishi saa zetu. Ukitegemea saa ya ukutani, mshumaa wako wa kwanza wa siku hautakuwa wa kwanza.