Peleti za balansa kwa farasi anayenenepa upesi: uzoefu wangu wa baridi mbili

Ninayemlisha ni farasi wa aina ya Welsh Cob, wa kilo 500, hapa Uingereza. Hupandwa mara tatu au nne kwa wiki, kutembea na mchakamchaka kidogo tu. Ni wale wanaonenepa hata kwa maji matupu. Nimetumia peleti za balansa, yaani vidonge vidogo vya chakula vyenye vitamini na madini yaliyokolezwa, Novemba hadi Machi, baridi mbili mfululizo. Nazipa alama nne kati ya tano.

Faida yake iko kwenye hesabu. Chakula mchanganyiko cha kazi nyepesi kwa kawaida kimepigiwa hesabu ya kilo 2 hadi 2.5 kwa siku, na vitamini na madini yake yanategemea kiasi hicho. Farasi mnene akila kiasi hicho anazidi kuvimba. Basi watu humpa kikombe kimoja, gramu 300 hivi, wakidhani wamemsaidia, kumbe amepata wanga na molasi, ila shaba, zinki na vitamini E hazijafika hata robo. Balansa huyakoleza yote hayo ndani ya gramu 100 kwa kila kilo 100 za mwili, yaani gramu 500 kwa huyu. Mfuko wa kilo 15 huisha siku ya 30. Ukifika siku ya 45 ujue unampunja.

Lakini balansa haishibishi. Kinachoshibisha na kumpasha joto ni hei, yaani nyasi zilizokaushwa, maana nyuzi zinapochachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto. Kiwango cha chini ni asilimia 1.5 ya uzito wake, ukihesabu bila maji: kilo 7.5, ambazo kwa hei ya kawaida ni kama kilo 8.5 hadi 9. Usishuke hapo hata tumbo likifanana na pipa. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, na likikaa tupu vidonda huanza. Tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Nyavu mbili za hei zinazolingana kwa macho zinaweza kupishana kilo 2, kwa kuwa robota moja limeshindiliwa kuliko jingine.

Sukari ya hei haionekani kwa macho. Peleka sampuli maabara, na tafuta hei ambayo sukari na wanga kwa pamoja havizidi asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake bila maji, la sivyo unachezea laminitisi, ule ugonjwa wa kwato wenye maumivu makali. Ukikosa kipimo, loweka saa moja kwenye maji safi, kisha mwaga. Maji hutoka kama chai ya rangi iliyokolea, na hiyo ndiyo sukari inayoondoka. Maji yakiwa ya baridi kali hutoa kidogo, kwa hiyo Januari ongeza muda. Pima hei kabla ya kuloweka na uongeze kilo moja hivi kufidia kinachoyeyuka. Madini nayo huyeyuka, ndiyo maana hei iliyolowekwa bila balansa ni nusu ya kazi.

Alama moja nimeinyima kwa sababu mbili. Mwisho wa mfuko hubaki vumbi ambalo farasi hulipulizia nje ya ndoo, na ndani yake kuna vitamini ulizolipia. Peleti pia ni ngumu: farasi mlafi akizimeza kavu zinaweza kumkwama kooni. Ninachanganya na konzi mbili za nyasi zilizokatwakatwa zisizo na molasi, kisha nanyunyizia maji mpaka vumbi lishike. Chumvi iliyomo haitoshi. Ongeza ya kawaida, gramu 25 kwa siku.

Kitu kimoja balansa haikiponyi: malisho ya asubuhi yenye jalidi na jua kali. Baridi huzuia nyasi kukua, lakini jua linaendelea kuzitengenezea sukari, nayo hurundikana kwenye mashina. Siku hiyo abaki na hei.

Kila wiki mbili zungushia kifua utepe wa kupimia uzito, kisha ubinye shingo juu, chini ya singa. Pakiwa laini na panayumba, endelea. Pakiwa pagumu na hapasogei, mvue blanketi kabla hujagusa hei, mwili uchome mafuta wenyewe ili kujipasha joto.