Fremu ya kaboni ya bei nafuu na usukani ulioungana na stemu: uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa: fremu ninayoipanda sasa ni ya kaboni, imetoka kiwandani China, jina lake hulikuti kwenye jezi ya timu yoyote kubwa, na naipenda. Ila ukiniuliza kipi kilinitoa jasho kuchagua nitakwambia usukani. Watu wanakaa miezi wakilinganisha fremu, alafu usukani wanauchomeka kwenye oda dakika ya mwisho kwa sababu unapendeza kwenye picha, na hapo ndo wanajifunga wenyewe, maana fremu za bei hii zinafanana kuliko wauzaji wanavyotaka uamini, lakini usukani ambao stemu yake (kile kiungo kinachoushika kwenye baiskeli) ni kipande hichohicho ukikosea namba moja tu hakuna spana ya kukuokoa, unanunua mwingine.

Tuanze na fremu tuimalize. Fremu nyingi za kaboni duniani zinatengenezwa China na Taiwan, za majina makubwa na zisizo na majina, mji wa Xiamen huko China peke yake una viwanda kibao, kwa hiyo mtu akikwambia "hiyo si ya Kichina" hajakwambia chochote kuhusu ubora wake. Kingine muuzaji atakupigia debe la T700, T800, T1000. Hizo ni aina za nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani na watu wanazisoma kama madaraja ya shule, namba kubwa ndo akili nyingi. Sasa angalia, ugumu wa T700 ni kama GPa 230 (GPa ni kipimo cha ugumu), T800 ni 294, na T1000 nayo ni hiyohiyo 294, yaani T1000 inavumilia kuvutwa zaidi kabla ya kukatika lakini kwa ugumu haiipiti T800. Na fremu nyingi huchanganya nyuzi, sehemu hii aina hii, sehemu ile aina ile, kwa hiyo stika ya T1000 inaweza kuwa kweli kwa kipande kidogo tu cha fremu na muuzaji asiwe amedanganya.

Kinachotofautisha fremu nzuri na mbovu ni kazi ya mikono: zile karatasi za kaboni zimepangwaje kwenye kalibu na zimekandamizwaje kutoka ndani wakati rezini inaiva. Zikikunjamana ndani au zikiacha vipovu hapo ndo udhaifu unaanzia, na kwa nje rangi inafunika kila kitu. Mi niliomba picha za ndani ya kichwa cha fremu (lile bomba la mbele chini ya usukani) na eneo la eksili ya pedali kabla hata sijalipa, na mzigo ulipofika nikapitisha ile kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu. Hii kamera ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na fremu, sielewi kwa nini watu hawanunui. Ndani ya fremu yangu palikuwa pasafi kwenye kichwa, sehemu ya chini karibu na eksili kuna mabaki ya plastiki ya lile puto la kukandamizia, hayo hayana shida yakitoka, nikayavuta nikatupa.

Uzito usikuumize kichwa. Fremu za aina hii zinacheza kwenye gramu 900 mpaka 1,100 ikiwa na rangi, foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) gramu 400 na kitu, na rangi nzito zenye mapambo zinaongeza gramu za kutosha, kwa hiyo ukitaka nyepesi chukua nyeusi isiyong'aa. Lakini tuwe wakweli, hata UCI, shirikisho la baiskeli duniani, tangu mwaka 2000 wanawakataza mapro kushindana na baiskeli chini ya kilo 6.8, sasa wewe na mimi tunakimbizana na gramu 80 za nini.

Vitu ambavyo mi nisingekubali kuvipuuza kwenye fremu ni hivi viwili. Kwanza eneo la eksili ya pedali, nilitafuta lenye nyuzi za kukaza kama za boliti, yaani muundo wa BSA wa kawaida ambao upande wa kulia unafungwa kinyume, ingawa hata T47, ambao nao una nyuzi, ungenifaa. Zile za kubamiza beringi bila nyuzi kama BB86 zinataka tundu la milimita 41 liwe duara kweli na pande zote mbili zitazamane sawasawa, na hicho ndo kitu kinachoharibika kwanza kiwanda kikibana gharama, matokeo yake ni mlio usioisha na beringi zinazokufa mapema. Pili ni kile kipande kinachoshika gia ya nyuma. Angalia kama fremu inapokea UDH, ule muundo wa kipande hicho ulioletwa na kampuni ya SRAM mwaka 2019, kwa sababu huo unaupata kwa wauzaji wengi. Kama haipokei basi agiza vipande viwili vya akiba pamoja na fremu, siku kikipinda kiwanda kinaweza kuwa kimeshaacha kutengeneza modeli hiyo.

Alafu vipimo. Usiangalie "saizi 54", hiyo haina maana, kila kiwanda kina 54 yake. Angalia steki na richi, yaani kutoka katikati ya eksili ya pedali kichwa cha fremu kiko juu kiasi gani na mbele kiasi gani. Fremu nyingi za bei nafuu zinaiga umbo la baiskeli za mapro kwa hiyo ziko chini mno kwa mtu mwenye mgongo wa kukaa ofisini, na ukizitia spesa (pete za kuinua stemu) nyingi chini ya stemu hazipendezi, na foku yenyewe ina kikomo cha spesa, waulize kikomo hicho wakupe kwa maandishi. Mi nilianza na steki, nyingine zote zikafuata.

Sasa usukani, na hapa naomba uniwie radhi nitaongea sana.

Usukani wa kipande kimoja unauzwa kwa namba mbili, mfano 400 kwa 100, upana na urefu wa stemu kwa milimita. Inaonekana rahisi mpaka ugundue kwamba mmoja anapima katikati kwa katikati mwingine nje kwa nje, mmoja anapima pale leva za breki zinapokaa mwingine kwenye pembe za chini, na siku hizi pembe zinatanuka kwenda nje kwa hiyo 400 ya huyu inaweza kuwa 380 ya yule pale unaposhika muda mwingi. Omba mchoro. Asiyekuwa na mchoro wenye vipimo simnunulii kabisa, hata bei iwe tamu vipi. Na kwenye mchoro kuna namba ya tatu watu wanaisahau, umbali ambao usukani wenyewe unasogea mbele kutoka stemu, kawaida ni milimita 70 mpaka 80, ukitoka kwenye usukani wa 70 ukaenda wa 80 ni sawa na kuongeza stemu kwa sentimita nzima.

Njia niliyotumia mimi, na nairudia kwa kila anayeniuliza, ni kufunga kwanza usukani wa kawaida wa alumini na stemu yake ya kawaida, ule wa vipande viwili, nikapanda hivyo muda wa kutosha, nikibadilisha stemu fupi ndefu, spesa juu spesa chini, mpaka mabega na viganja vikaacha kulalamika. Fremu nyingi za kisasa zinakubali hili, kuna kifuniko maalum cha juu ya hedseti (beringi za kichwa cha fremu) chenye nafasi ya paipu za breki kupita chini ya stemu na kuingia ndani, muulize muuzaji akuwekee hicho kifuniko. Baada ya hapo ndo nikaagiza wa kaboni kwa namba ninazozijua. Ukiuagiza pamoja na fremu siku moja unacheza kamari, labda kama baiskeli ya zamani inakukaa vizuri na umeipima vizuri.

Kulingana kwa usukani na fremu ni kesi nyingine. Shingo ya foku, lile bomba lake linalopanda mpaka kwenye stemu, juu ni milimita 28.6 karibu kote kwa hiyo utadhani kila kitu kinaingia popote, kumbe paipu zinapita wapi ndo mzozo wenyewe. Wengine wanazipitisha mbele ya shingo, wengine pembeni, wengine wamekata shingo ya foku upande mmoja iwe bapa, na beringi ya juu inakuwa kubwa ili paipu zipate nafasi ndani yake. Kuna mifumo ya kupitisha paipu inayojulikana kama ACR ya kampuni ya FSA na DCR ya kampuni ya Deda, fremu ikifuata mmojawapo una uchaguzi mpana, ila nyingi za bei nafuu zina umbo lao la spesa na kifuniko. Yangu ina umbo lake, ndo maana nikachukua usukani wa kiwanda kilekile, na niliomba picha ya usukani huo ukiwa umefungwa kwenye fremu hiyohiyo ili nione paipu zinavyoingia, kwa sababu neno "unaingia" kila muuzaji analijua.

Na spesa hakikisha ni zile za nusu mbili zinazofunguka. Zikiwa duara kamili, kushusha usukani milimita 5 tu kunamaanisha kuchomoa paipu za breki, kukata, kujaza mafuta na kutoa hewa upya. Upande wa gia, kama unatumia waya za kawaida sikushauri kuzificha ndani ya usukani wa namna hii, zinapinda kona kali mno na gia zinakuwa nzito, utazichukia. Ukiwa na za umeme ambazo leva zake hazina waya, kama AXS za SRAM au Di2 mpya za Shimano, mbele unabaki na paipu mbili tu za breki na kazi inakuwa ya kibinadamu. Mafuta usichanganye lakini, Shimano wanatumia ya madini, breki za SRAM za barabarani zinatumia aina nyingine iitwayo DOT, ukikosea sili zinavimba.

Usalama. Fremu ya kaboni ikianza kupasuka mara nyingi unapata dalili, mlio, rangi kufanya ufa, baiskeli kulegea. Usukani au shingo ya foku ikikatika unaanguka na uso, muda wa kufikiri hakuna. Ndiyo maana kwenye fremu nilibana bei ila kwenye usukani nikawa mgumu: niliomba ripoti ya majaribio ya ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, yenye jina la modeli hiyohiyo, sehemu ya 5 inahusu usukani na stemu na sehemu ya 6 inahusu fremu na foku, wauzaji wawili wakaniletea stori nikaachana nao. Na kukaza tumia toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, namba imeandikwa kwenye stemu, mara nyingi Nm 5, paka ile pasta yenye chembechembe ya kuongeza msuguano kusudi usihitaji nguvu nyingi. Ndani ya shingo ya foku weka ile plagi ya kupanuka, ndefu, ikae usawa ambao stemu inabana, kamwe usiruhusu fundi agongelee ile nyota ya chuma ya baiskeli za zamani, inachana kaboni kwa ndani. Kuna mafundi wazuri sana wa baiskeli za kawaida ambao wakiona boliti wanakaza mpaka ilie, simama naye pembeni hata kama atanuna.

Ambavyo sikuvipenda nivitaje pia. Sehemu ya kufungia breki ya nyuma haikuwa bapa sawasawa kwa hiyo diski ilikuwa inagusa, fundi ilibidi aisawazishe kwa kifaa chake ndo ikatulia. Paipu ndani ya fremu hazikuwa na njia yake, zilikuwa zinagonga kwenye barabara mbovu, nikazivalisha sponji. Kishikio cha kompyuta kilichokuja na usukani kinalialia. Muuzaji naye alikuwa anajibu ndani ya dakika kabla sijalipa, nilipolipa akawa mtu wa kesho, na gharama za usafiri na ushuru hakunitajia mpaka nilipouliza mwenyewe, uliza mapema uzijumlishe kwenye bei ndo ulinganishe. Na zile fremu zilizopakwa majina ya kampuni kubwa kwa robo ya bei usiziguse, kiwanda kinachoficha jina lake ukipata tatizo utamdai nani?

Barabarani? Sehemu bapa ya juu ya usukani inapumzisha viganja kwenye milima kuliko bomba la duara, hili ni kweli na nalisikia kila nikipanda. Uzito sikuokoa chochote cha maana, usukani wenyewe una gramu karibu 370 na ule wa alumini na stemu yake haukuwa mbali na hapo. Habari ya kukata upepo sijaisikia mwilini, naamini ipo kwenye vipimo lakini ni ndogo. Ulaini wa fremu ambao watu wanauandikia insha, kwangu mimi ulitoka zaidi kwenye tairi za milimita 30 zenye upepo wa wastani kuliko kwenye kaboni, kwa hiyo hakikisha fremu unayoitaka inaingiza angalau 30, ikiingiza 32 bora zaidi. Taa na kengele pa kufungia hakuna, umbo haliruhusu, ikabidi taa ikae chini ya kompyuta.

Beringi ya juu ya hedseti ninayo ya akiba tayari, maana jasho na maji ya mvua vinaingia palepale paipu zinapopita na kuibadilisha ni lazima breki zifunguliwe, bora nifanye siku ambayo nazijaza mafuta mapya. Ule usukani wa alumini na stemu zake sijauza. Mnunuzi wa baiskeli yangu siku moja anaweza kuwa na mikono mirefu kuliko mimi.