Alama za Alvarado kwa kidole tumbo: nzuri kwa kijana, za kutiliwa shaka kwa mtoto mdogo na mzee

Daktari Alfredo Alvarado alizitoa mwaka 1986 alama hizi za kukadiria kama maumivu ya tumbo yanatokana na kidole tumbo kilichovimba, na urahisi wake ndio uliozidumisha: mikono, kipimajoto na kipimo cha damu vinatosha. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, alama 1. Kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, joto la 37.3 au zaidi 1, maumivu kuchoma pale mkono unapoachia tumbo ghafla 1. Kuumia pakibonyezwa chini kulia ni 2, seli nyeupe za damu kupita 10,000 ni 2, neutrofili (aina moja ya seli hizo) kupita asilimia 75 ni 1. Jumla 10.

Kijana wa miaka 20 akipata 3, kidole tumbo hakielekei kuwa chanzo. Kazi hiyo ya kuondoa shaka zinaifanya vizuri. Kuthibitisha ugonjwa ndiko kunakozishinda, na miongozo ya Jerusalem ya 2020, ya madaktari kuhusu kidole tumbo, inapendelea kwa watu wazima alama nyingine mbili, za AIR na AAS, ambazo huhesabu pia CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini.

Umri ndio unaozivuruga. Mtoto wa miaka 3 hawezi kueleza maumivu yalianzia wapi, hivyo anapoteza alama. Papo hapo seli nyeupe zaidi ya 10,000 kwake zinaweza kuwa za kawaida, hivyo anapata 2 za bure. Utando wa mafuta tumboni mwake bado mfupi, hauzingiri usaha, na mara nyingi kidole tumbo hukutwa kimeshapasuka. Kwake tumia alama za Samuel za 2002, zilizotungwa kwa ajili ya watoto, zinazotoa 2 kwa maumivu ya kukohoa au kurukaruka.

Mzee ni hatari zaidi, kwa maoni yetu. Homa inaweza isiwepo, seli zisipande, tumbo likabaki laini huku ndani kumeshapasuka. Alama 4 kwake zisimtoe hospitalini: apigwe CT skan, ambayo pia hutafuta uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana.

Kuhusu kupona, alama hizi hazisemi lolote. Kisichopasuka, mgonjwa hutoka siku 1 au 2 baada ya upasuaji. Kilichopasuka hudai antibiotiki za mshipani kwa siku kadhaa, na homa ikirudi baada ya hapo tafuta jipu tumboni kwa altrasaundi. Mzee aamshwe atembee kufikia kesho yake, apumue kwa kina kila saa, kwani nimonia na damu kuganda miguuni ndivyo vinavyomrefushia kitanda.