Mbegu hizi za vitunguu hazifai Uganda, na pakiti haikwambii kwa nini

Habari zenu wapendwa, mabibi na mabwana, wa Kampala, wa Mbale, wa Arua, karibuni tena. Leo sitapoteza muda, nina hasira na hii pakiti. Iangalieni. Karatasi inang'aa, kitunguu cha manjano kikubwa kuliko ngumi yangu, na jina Ailsa Craig. Ni aina ya zamani ya Uingereza, huko inaheshimiwa sana. Imefika madukani hapa kwa bei zaidi ya mara tatu ya pakiti hii nyingine, Red Creole, ambayo haina hata picha ya kuvutia. Watazamaji wengi mmeniandikia kwamba mmepanda vitunguu vya kigeni kwenye magunia na ndoo, mkatia samadi, mkatia urea, mkapata majani matupu. Ndiyo maana nikazipanda zote mbili makusudi, siku moja, udongo mmoja, jua moja.

Habari za kuotesha nyingi mnazijua. Mbegu sentimita 1 chini ya udongo, wiki moja hadi siku kumi zinachomoza, wiki sita mpaka nane unahamisha miche ikiwa na unene wa penseli, unaachanisha sentimita kumi. Tupite hapo. Twende kwenye magunia.

Mdogo wangu, sogeza kamera. Hapa, chini kabisa. Huu ni Ailsa Craig. Ona majani: marefu, ya kijani iliyokolea, mazuri kweli, hata jirani alikuja kuyasifu. Sasa nang'oa. Haya. Mnaona nini? Shingo. Hakuna tunguu. Naweka kidole gumba changu pembeni, unene ni uleule kuanzia kwenye mizizi mpaka majani yanapoanza kuachana. Nang'oa mwingine msiseme nimechagua mbaya. Shingo. Na huu wa pembeni je? Shingo tena, banange!

Sasa njooni gunia la pili. Red Creole. Hata kabla sijang'oa, udongo umepasuka, mgongo mwekundu umetokeza nje. Majani yameanza kulala yenyewe, hakuna aliyeyakanyaga. Nang'oa... hiki hapa. Kimebonyea kidogo juu na chini, ndivyo aina hii ilivyo, rangi nyekundu, kigumu, ukikibonyeza hakiingii ndani.

Nipe kisu. Nakikata katikati, usiondoe kamera hapa. Kila duara mnaloliona ni kitako cha jani moja kilichovimba. Kitunguu chote ni majani, sehemu ya chini ya majani iliyojaa chakula. Kwa hiyo swali ni moja tu: nani anayaambia majani yaanze kuvimba? Mbolea haiyaambii, wala maji. Ni urefu wa siku. Jani lina kipokezi cha mwanga kinachopima saa za mchana na za usiku. Mchana ukifikia kiwango cha aina hiyo, kitunguu kinaacha kutoa majani mapya na kuanza kujaza chini. Usipofika, kinaendelea kutoa majani tu, hata ukikilisha ng'ombe mzima wa samadi.

Na kila aina ina kiwango chake. Hizi za siku ndefu, kama Ailsa Craig na Walla Walla ya Marekani, zinataka mchana wa saa 14 mpaka 16. Scotland mwezi wa Juni mchana unapita saa 17, kitunguu hiki kikiwa kule kinashiba. Za siku fupi, kama Red Creole, Bombay Red na Texas Grano, zinatosheka na saa 11 au 12. Sisi je? Ikweta inakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, watalii wanapigia picha. Kampala iko juu yake kidogo tu. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari, Juni, Desemba, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki dakika tano. Hata ndugu zangu wa Arua, mlio karibu nyuzi 3 kaskazini, tofauti yenu haifiki nusu saa. Saa 14 hatuzipati Uganda, iwe masika, iwe kiangazi.

Hili si jambo jipya. Wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walilieleza mwaka 1920 kwa kutazama tumbaku iliyokataa kutoa maua. Mwaka 1937 Allard huyohuyo na Magruder wakachapisha kazi yao juu ya vitunguu na urefu wa siku. Kwa hiyo anayefunga pakiti leo anajua. Hebu nigeuze nyuma: kina cha kupanda kipo, nafasi ipo, mwezi wa kupanda upo, na mwezi wenyewe ni wa Ulaya! Urefu wa siku haupo. Hilo ndilo linaloniudhi. Maneno mawili tu yangemwokoa mama aliyetoa pesa yake akangoja miezi minne. Jamani, andikeni!

Wengine mtaniambia, gunia langu liko barazani, jua kidogo, labda ndiyo sababu. Hapana, msichanganye. Jua kali la kulisha majani ni kitu kimoja, na kitunguu kinalihitaji, angalau saa sita za jua la moja kwa moja. Urefu wa mchana ni kitu kingine. Ukimhamishia Ailsa Craig kwenye jua kutwa nzima utapata shingo nene zaidi, basi.

Na kuna wanaouza taa za kuoteshea mimea, wanasema washa jioni uongeze siku. Kitaalamu inawezekana. Lakini piga hesabu ya tokeni za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, saa mbili au tatu kila jioni kwa miezi, kisha nenda soko la Nakasero uulize bei ya kilo ya vitunguu. Sitangazi taa hizo kwenye chaneli hii, na waliotaka nizitangaze wananisikia.

Kwa kuwa tuko kwenye mwanga, kuna vijana wamekuwa wakiniuliza kuhusu bangi ya autoflower, nioneshe jinsi ya kuichagua na kuiotesha nyumbani. Sitaonesha. Kulima bangi Uganda bila leseni ni kosa, na leseni si jambo la gunia la barazani. Lakini elimu yake ni hiihii. Bangi ya kawaida inangoja usiku mrefu ndipo itoe maua. Ya autoflower ina damu ya ruderalis, ile bangi ya mwituni ya Urusi na Asia ya Kati, inatoa maua kwa umri wake bila kuuliza usiku. Inafaa zaidi nchi ambazo mchana wa kiangazi hauishi. Hapa kwetu usiku una karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo sifa hiyo inayouzwa ghali ni jibu la shida ya watu wa kaskazini. Mbegu yoyote, kwanza uliza ilitengenezwa kwa anga la wapi. Turudi kwenye vitunguu.

Kati ya hizi tatu za siku fupi nichague ipi? Nilikuja nikiwa na jibu: Red Creole, kwa sababu inakaa. Ukiikausha vizuri kivulini inakaa miezi bila kuoza, na ukali wake kwenye mchuzi unausikia. Lakini nikifikiria kachumbari... Texas Grano ni laini, tamu, haikuumizi macho. Haikai sana, hilo lazima niseme. Mwenye familia kubwa inayokula haraka aichukue bila wasiwasi. Bombay Red ni ndogo ndogo, ila kwa gunia na ndoo inakubali. Basi, kama una nafasi ya gunia moja tu, Red Creole. Ukiwa na mawili, la pili weka Texas Grano.

Kitu kimoja cha kuzingatia kwa aina hizi: kwetu hapa siku tayari inawatosha, kwa hiyo wanaweza kuanza kuvimba wakiwa bado wadogo. Duara moja ni jani moja, kumbuka. Majani machache, kitunguu kidogo. Mbolea ya kukuza majani itie mapema, wiki za kwanza baada ya kuhamisha, kisha acha ukiona chini kunaanza kuvimba. Ukiendelea, shingo inakuwa nene, haikauki, kinaoza ghalani. Thripsi, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, nao wanajificha katikati ya majani, fungua utazame. Nusu ya vitunguu vya gunia vikilaza majani, acha kumwagilia.

Mkienda Container Village, kule kwenye maduka ya mbegu Kampala, nawasihi, msinunue mbegu za kitunguu zinazochotwa na kijiko kwenye mkebe ulio wazi. Mbegu ya kitunguu haivumilii, ikipita mwaka mmoja inapoteza nguvu haraka. Nunua iliyofungwa, soma tarehe, tafuta neno short day, yaani siku fupi, au jina mojawapo la yale niliyotaja. Ukifika nyumbani funga mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota saba au zaidi, panda. Zikiota tatu, rudisha.

Ailsa Craig hizi sitazitupa, majani yake tutayakatia kwenye mayai asubuhi. Pakiti nyingine sinunui.

Habari ya chaneli: kuanzia sasa video zinatoka Jumamosi, na inayofuata ni nakati, ile mboga ya majani, kwenye magunia, mlioiomba muda mrefu. Bonyeza kengele uipate. Na wenye pakiti za vitunguu nyumbani, pigeni picha ya upande wa nyuma mnitumie, niwaambie ni ya siku ndefu au fupi kabla hamjachimba udongo. Za watu wa Mbale zimeshaanza kufika, nitaanza na hizo.