Visual Studio Code na Live Server katika kufundisha HTML na CSS: uzoefu wangu

Ukiniuliza kihariri gani kiwekwe kwenye kompyuta za wanafunzi wanaoanza kutengeneza kurasa za wavuti, nitakujibu Visual Studio Code, ila kwa sharti moja: wasikipokee na mipangilio yake ya mwanzo. Kikiachwa kilivyo, kinamwandikia mwanafunzi nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo aliyokuja kujifunza.

Tazama Emmet, zana ya kupanua vifupisho kuwa msimbo kamili, ambayo imo ndani tayari. Mwanafunzi anaandika alama ya mshangao, anakubali pendekezo, na mifupa yote ya ukurasa inajiandika: DOCTYPE, html, head, meta, body. Muulize meta charset ina kazi gani, atakutazama tu. Zaidi ya hapo, mifupa hiyo huja na lang="en". Ukurasa wa Kiswahili ukibaki hivyo, programu inayowasomea wasioona itatamka maneno yake kwa lafudhi ya Kiingereza. Inatakiwa kuwa lang="sw", na anayeandika mstari huo kwa mkono ndiye anayekumbuka.

Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza bonyeza Ctrl+Shift+P, fungua faili la mipangilio ya mtumiaji la JSON, uongeze haya:

"html.autoClosingTags": false,
"editor.quickSuggestions": false,
"editor.suggestOnTriggerCharacters": false,
"emmet.showExpandedAbbreviation": "never",
"chat.disableAIFeatures": true

Mstari wa tatu husahaulika sana. Bila huo, orodha ya mapendekezo huchomoza kila mwanafunzi anapoandika alama ya <, hata kama umezima mengine yote. Wa mwisho unamzima msaidizi wa akili bandia. Mwanafunzi akishaweza kueleza kila mstari wa ukurasa wake, mrudishie vyote; kumnyima moja kwa moja ni ukatili usio na faida.

Live Server ni nyongeza ya bure, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kubaki na kihariri hiki. Ukibonyeza Go Live chini kulia, ukurasa unafunguka kwenye 127.0.0.1:5500 na kujionyesha upya kila faili linapohifadhiwa. Mwanafunzi anabadili rangi, anabonyeza Ctrl+S, anaiona papo hapo. Chumba kisicho na intaneti si kikwazo: pakua faili la nyongeza la .vsix kwingine, ulilete kwenye kifaa cha USB, kisha uchague Install from VSIX.

Malalamiko ya “haibadiliki” yana vyanzo vichache. Cha kwanza, faili halijahifadhiwa. Kitone kwenye kichupo chake ndiyo dalili. Wengine hukimbilia kuwasha Auto Save. Mimi siipendi kwa wanaoanza, kwa sababu huhifadhi kila baada ya muda mfupi na ukurasa unavunjika mbele ya macho yao wakiwa katikati ya kuandika tagi. Cha pili, ukurasa hauna head wala body. Live Server hupachika hati yake ndogo humo ili iweze kuuamsha ukurasa, na isipopata pa kuipachika, ukurasa haujionyeshi upya. Cha tatu, mwanafunzi amefungua faili moja badala ya folda nzima ya mradi. Zoesha File kisha Open Folder tangu mwanzo.

Live Server ina mtego mmoja wa hatari kuliko hayo. Kwake, mzizi wa tovuti ni folda uliyofungua, kwa hiyo src="/picha/nembo.png" inafanya kazi vizuri kabisa. Peleka mradi huohuo GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, ambako anwani huwa na jina la mradi baada ya kikoa, na mkwaju (/) ule wa mwanzo unaielekeza picha nje ya mradi. Picha zote zinapotea. Andika picha/nembo.png bila mkwaju mbele. Herufi nazo ni hivyohivyo: Windows haitofautishi Nembo.PNG na nembo.png, seva ya huko inatofautisha. Kanuni ya kutoa tangu siku ya kwanza ni herufi ndogo tupu, bila nafasi kwenye majina ya mafaili.

Kasoro ninayoona kubwa kwa ufundishaji ni kwamba kihariri hakimwambii mwanafunzi kuwa tagi yake ya div haijafungwa. Kivinjari nacho kinasamehe na kukisia, basi kosa linaonekana mbali na lilipo: sehemu ya chini ya ukurasa inajipanga ovyo bila sababu ya wazi. Tiba ni kupitisha kila kazi kwenye kikaguzi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, validator.w3.org, kabla ya kuikusanya. Upande wa CSS hali ni nzuri zaidi, makosa hupigiwa mstari mwekundu. Waambie tu kwamba nukta-mkato ikikosekana, wekundu mara nyingi hutokea kwenye mstari unaofuata, kwa hiyo waangalie wa juu yake kwanza.

Kwa kompyuta dhaifu, nyaraka za Visual Studio Code husema RAM ya GB 1 inatosha. Inatosha kukifungua. Ukiongeza kivinjari chenye zana za wasanidi (F12), hesabu kuanzia GB 4, la sivyo tumia kihariri chepesi na uwafundishe kubonyeza F5 ili kuupakia ukurasa upya.