Wiki Moja ya Kujitolea Kambi ya Vijana Lushoto: Uzoefu Wangu

Nianze na moshi, maana ndio niliorudi nao Dar. Sweta nimelifua mara tatu na bado linanuka kuni.

Mwezi wa sita nilikwenda kujitolea kwenye kambi ya vijana ya kanisa, milimani juu ya Lushoto. Siku saba. Nimekulia kanisani na kwaya nimeimba, ila kambi nilikuwa nazisikia kwa watu tu. Tangazo lilisomwa ibadani: wanatafutwa walezi wa kujitolea, nauli juu yako, kula na kulala juu ya kambi. Nikajiona tayari nafundisha Biblia kivulini na kucheza rede na mabinti.

Basi la asubuhi kutoka Mbezi lilinishusha Mombo, joto kama la Dar. Hapo unachukua Hiace kupanda Lushoto, kilomita 33 hivi. Lami ipo, lakini zile kona za kupitia Soni zitakufanya uanze maombi kabla hujafika kambini. Kipande cha mwisho ni bodaboda na vumbi.

Mabweni yamejengwa kwa mabanzi, bati juu, chini udongo, na upepo unaingia kati ya banzi na banzi bila hodi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, nasi tulikuwa juu zaidi. Orodha ya vitu vya kubeba ilisema "shuka". Shuka, Juni, Usambara! Nililala na suruali mbili, kanga mbili na soksi, na bado nikawa nahesabu majogoo. Ukienda, beba blanketi zito. Maji ni ya mserereko, yanashuka kwa bomba kutoka msituni hadi kwenye simtanki, masafi, ya kuuma meno. Vyoo ni vya shimo na vilikuwa visafi kuliko vya stendi nyingi nilizopita. Tatizo viko mbali na mabweni, na njia nzima haina taa.

Siku ya kwanza mratibu aliuliza nani anajua kupika. Nikanyoosha mkono. Biblia kivulini ikaishia hapo.

Jikoni kuna mafiga, masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea, na mwiko mrefu kama kasia. Saa kumi usiku unawasha moto wa uji, na kuni za muwati zikiwa na umande utalia kama mfiwa. Siku ya pili nikajitwika makande ya mchana kwa vijana themanini na kitu. Sikuloweka. Nyumbani Tabata huwa sihangaiki sana, nikaona moto mkubwa utamaliza kazi. Kumbe mlimani maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, basi yanatokota kwa kelele huku maharage yamekaa tu yanakuangalia. Saa saba, bado. Saa tisa, bado. Mama wa jikoni, Mshambaa mtu mzima ambaye asubuhi nzima alikuwa kwenye kikao cha kamati, alifunua sufuria, akachukua punje moja, akaitafuna taratibu.

"Mwanangu, uliloweka?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Huku si Dar," akasema, akaenda kuchemsha chai ya rangi na viazi kuwatuliza watoto. Makande yalilika saa kumi na moja jioni. Hakunisema tena, ila kila usiku uliofuata alipita mlangoni kwangu: "Yako majini?"

Usiku wa tatu binti wa miaka 13, wa darasa la kipaimara, alikuwa analia anataka nyumbani. Nilijaribu kumwombea, akalia zaidi. Nikamchukua jikoni nilipokwenda kuwasha moto, nikampa kisu na beseni la viazi. Alimenya hadi kulipokucha, akanisimulia habari za mbuzi wao tu, mmoja mmoja kwa jina. Tangu siku hiyo alikuwa anawahi jikoni kuliko mimi. Jioni kwenye moto wa kambi ndiye aliyeanzisha wimbo wa Kishambaa ambao sikuelewa neno hata moja, na nikaucheza hadi ndala ikakatika.

Kwa hiyo nitarudi, ila kuna mambo sitayafumbia macho. Bweni langu lilikuwa na mabinti 26 na mlezi wa usiku mmoja, mimi, niliyekuwa natoka saa kumi kwenda jikoni. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na panadol na bandeji, basi. Kikao cha walezi kabla ya watoto kufika hakikuwepo. Nilipouliza mtoto akinieleza jambo zito la nyumbani nimpeleke kwa nani, jibu likawa "utatuambia." Nani hasa? Namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure. Ingebandikwa tu ukutani pale bwaloni.

Haya yote niliyasema siku ya kufunga. Mwenyekiti akanishukuru, akaniomba niyaandike. Nimeyaandika kurasa mbili, nikatuma, na bado nasubiri majibu. Kambi ya Desemba nimeshajiandikisha. Kwenye nafasi ya "huduma unayopendelea" nimejaza jikoni, na chini yake nikaongeza kwamba bweni langu litafutiwe mlezi wa pili, la sivyo nauli yangu naitumia kwenda kwa shangazi Korogwe.