Wamezima moto, wakaweka taa ya umeme

Anayezima moto katika nyumba ya aina ile heri aufunge mlango kabisa. Nazungumzia nyumba ya kale ya wafanyabiashara, inayotembelewa na watalii, katika mji mmoja wa mapumziko ya wasafiri, bonde la Kiso, Japani, kwenye njia ya kale ya Nakasendo iliyounganisha Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto kwa vituo 69. Mekoni, chini ya birika linaloning'inia, wameweka taa nyekundu badala ya moto. Taa! Nilipouliza sababu, mhudumu alijibu bila kuinua macho kwamba moshi unanukisha nguo za wageni, kisha akatunyooshea kidole njia ya kutokea kwa sababu basi la watalii limefika.

Moshi ndio unaoitunza nyumba hiyo. Irori, yaani meko ya nyumba kama hiyo, ni shimo la mraba sakafuni, limejaa majivu na halina dohani. Joto lake hukausha unyevu wa bondeni. Moshi hupanda hadi darini kulikoachwa wazi, masizi yakaganda kwenye boriti na kuwafukuza wadudu watoboao mbao. Moto ukikosekana misimu kadhaa, ukungu huanza, na weusi unaong'aa wa boriti hugeuka kijivu. Pale umeshageuka. Hata samaki wa mbao kwenye kulabu ya birika wamemfunga waya! Samaki huyo ndiye breki: ukimlaza sawa, fimbo yenye kulabu inateleza juu au chini; ukimwachia, uzito wa birika unamwinamisha naye anaibana fimbo.

Nilitaka kusema msiende. Lakini mafundi waliojenga hawana kosa. Uso wa mbele ni mwembamba, wa fito za mbao, na kutoka barabarani ukumbi wa udongo unapenya hadi uani, mizigo ipite bila mtu kuvua viatu. Viungo vya mbao vimeshikana bila msumari. Nendeni, basi, ila mapema, kabla ya mabasi.

Viatu huvuliwa kwenye ukumbi wa udongo, kabla ya kupanda sakafu ya mbao. Ndara za ndani ni za kukanyagia sakafu ya mbao tu. Kwenye mikeka ya tatami ni soksi, na kizingiti hakikanyagwi. Kwenye ngazi yenye makabati chini yake, shuka ukiwa umeielekea, maana vidato ni vyembamba. Wakati wa baridi vaa soksi mbili. Beba yeni taslimu.

Kama una siku moja tu, nenda Tsumago, mji wa bonde hilohilo, kwenye Waki-honjin Okuya, nyumba ya wageni ya akiba ya wakubwa wa zamani. Ilijengwa upya mwaka 1877 kwa mbao za hinoki, mti wa msonobari wa Kijapani, ambazo enzi za Edo, kabla ya 1868, raia wa kawaida wa Kiso walikatazwa kuzikata. Huko irori huwashwa, na jua la baridi likipenya kwenye fito unaona miale imesimama ndani ya moshi.

Kwa ile nyumba ya taa, nyota mbili. Tatu, kwa heshima ya maseremala. Uliza mlangoni kabla ya kulipa kama moto unawaka. Wakikuonyesha taa, pita.